Nyati Alivyosagishwa Chokoleti

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kualikana harusini, Kindi na Nungunungu walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Walilima shamba moja la kakao, na kazi yao ilikuwa kutengeneza chokoleti.

Sikilizeni walivyokuwa wakifanya. Walipasua matunda ya kakao, wakavundika mbegu kwa majani ya mgomba, wakazianika juani, wakazikaanga, wakapepeta maganda. Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote: kusaga. Nungunungu alisukuma jiwe, na Kindi akamsimulia hadithi ili asichoke.

Sasa, binti yake Nungunungu akaposwa, na wakwe wakaahidiwa chokoleti. Siku moja tu kabla hawajafika, Nungunungu akateleza mtoni, pu! Bega likateguka.

"Mwenzangu, nimeumbuka!" akalia. "Jiwe hili nitalisukumaje kwa mkono mmoja?"

Kindi akajaribu yeye. Akavuta pumzi, akasukuma, hmm! Jiwe hata halikutikisika. Akakaa chini. Alimwonea rafiki yake huruma kweli.

Mara wakasikia kishindo, gidi! gidi! gidi! Alikuwa Nyati, jirani yao. Huyu akinusa kitu kizuri alikuja kukichukua, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

"Nasikia harufu ya chokoleti," akanguruma. "Leteni yote!"

Hakungoja kupewa. Akachota konzi nzima ya mbegu zilizokaangwa, akazitupia mdomoni.

"Thuu! Chungu! Mnataka kuniua?"

Hapo hapo wazo likamjia Kindi.

"Bwana Nyati, hiyo bado haijawa chokoleti. Ni mpaka isagwe na sukari guru, iwe laini, ing'ae. Shida ni hilo jiwe. Zito mno. Sidhani kama hata wewe..."

"Hata mimi nini? Sogea huko!"

Nyati akashika jiwe. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Lilikwenda na kurudi kama kipande cha muwa. Ila kakao haina haraka. Jasho likaanza kumtiririka puani.

"Aa! Kazi gani hii? Naibeba hivi hivi, mke wangu atasaga."

Kindi akashtuka. Akaruka juu ya uzio mbele ya Nyati, akaanza kama anayejisemea:

"Palikuwa na nyati mmoja..."

"Nyati?" Masikio yakasimama. "Nyati gani?"

"Mwenye nguvu kuliko wote. Siku moja akachoka kula peke yake. Akaenda kwa Pundamilia. 'Hodi!' Wakamjibu kutoka ndani: 'Hatupo!'"

Nyati akaangua kicheko, akaliacha jiwe. Kindi naye akanyamaza.

"Mbona umenyamaza? Endelea!"

"Nimezoea kusimulia jiwe likilia, Bwana Nyati. Likinyamaza, nasahau."

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Akaenda kwa Swala. 'Hodi!' 'Hatupo!' Akaenda kwa Ngiri. 'Hodi!' 'Tumehama!'"

"Wamehama nao wamo ndani? Waongo hao!" Nyati akasukuma kwa hasira, macho yote kwa Kindi.

Kindi akamkonyeza rafiki yake. Nungunungu akaelewa. Kwa mkono wake mzima akawa anakinga chokoleti iliyosagika ikidondoka ukingoni mwa jiwe, anaifunga kwenye majani ya mgomba, anaificha kisimani ipoe. Akirudi, anamwaga mbegu nyingine na sukari guru. Nyati anasaga, Kindi anasimulia, Nungunungu anafunga.

Ikawa hivyo mpaka jua likaelemea magharibi. Ghafla, krrr! Jiwe likakwaruza jiwe mwenzake. Nyati akatazama chini. Peupe!

"Chokoleti iko wapi?"

"Iko kwa mwenyewe," Kindi akasema, na kabla hajamaliza, ruu! alishapanda mti wa kakao mpaka kileleni.

"Mmenifanya punda wenu!" Nyati akaupiga mti kwa pembe, pa! Majani yakamwagika. Kindi akakumbatia tawi. Nungunungu akasimama mbele ya kisima, miiba yote imesimama. Bega lilimuuma, lakini hakukimbia.

Nyati akainua pembe tena. Mabega yakamkatalia, yalikuwa yamekufa ganzi kwa kusaga. Akaegemea mti, akahema. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Kindi hakuwahi kuisikia kwake:

"Yule nyati... kuna aliyemfungulia?"

Kindi hakuwa amefika huko. Hadithi alikuwa akiitunga pale pale. Akafikiri kidogo.

"Alifunguliwa," akasema. "Ila siku hiyo hakwenda kuchukua cha mtu. Alikwenda kusalimia."

Nyati akauacha mti. Akageuka, akaondoka taratibu huku akijisugua mabega.

Kesho yake wakwe walifika, wakala chokoleti, wakalamba na majani. Walipouliza nani kaisaga laini namna ile, Kindi na Nungunungu walitazamana, wakacheka mpaka machozi.

Basi, wanangu, atakaye kula jasho la wenzake kwa ubabe, mwishowe atalitoa la kwake.