Skwea ya Chuma ya Bwana Makungu

Kamati ya zahanati ilimpa Bi Mashavu, fundi seremala, kazi ya kutengeneza milango. Bwana Makungu, tajiri mwenye karakana kubwa, akaja mbio kupinga.

"Skwea yake ya kupimia pembe kaiunga mwenyewe kwa vipande vya mbao! Yangu ni ya chuma, imetoka ng'ambo. Kazi nipeni mimi."

"Kweli, hii yangu takataka tu," Bi Mashavu akasema kwa upole. "Ila tuape mbele ya kamati: itakayosema uongo itupwe chooni, na mwenyewe aiache kazi."

"Naapa hata mara saba!" Makungu akacheka.

Bi Mashavu akaegemeza ya mbao kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, akachora mstari, akaigeuza, akachora tena palepale. Mistari ikalaliana, ukaonekana mmoja. Ya chuma ilipogeuzwa, mistari ikaachana kama miguu ya mlevi.

Makungu akaitumbukiza chooni kwa mkono wake, kamati nzima ikimsindikiza kwa vicheko. Akarudi amenuna.

"Nani alikwambia imepinda?"

"Paka, Bwana. Kila siku nawaona wakiingia kwako mlango umefungwa."