Mfupa wa Kwenye Giaboksi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na barabara zenye mashimo, shauri la gari bovu lilisikilizwa barazani, katika soko la Kichakani. Waliokuwepo walikuwa hawa. Hakimu Kiboko, jina lake Mwinyigogo. Bwana Fisi, muuza magari yaliyotumika, jina lake Shambe. Wengine humwita Makengeza, lakini hilo ni jina la utani. Fundi Tumbili, jina lake Kibwana. Na Bi Digidigi, mlalamikaji, jina lake Mkejina. Nyani hakuwepo, ingawa baadaye alisimulia kama mtu aliyekaa mstari wa mbele.

Mkejina alikuwa mdogo kuliko wote, miguu yake kama njiti za kiberiti. Mwili wake ulikuwa barazani, lakini moyo wake ulikuwa kwa jirani yake, Bi Kanga, alikomwacha mama yake mzazi, Bi Mwanatumu, amelala, kifua kimembana, pumzi zinakuja moja moja. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mbuga, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Kwa ajili hiyo alinunua gari kwa Fisi, akalilipia karanga za misimu mitatu.

Gari lilikwenda vizuri mpaka mlima wa kwanza. Hapo likasema krrr, krrr, kwach, likanyamaza. Mgonjwa akarudishwa kwa machela.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema Mkejina.

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Nataka gari zima, leo hii. Mama yangu hana siku nyingi za kungoja."

Fisi akatabasamu. "Dada yangu, gari lilitoka kwangu likiimba kama chiriku. Umelipeleka mlimani kama unaswaga punda. Halafu kibao changu si ulikisoma? Mali ikiuzwa hairudi."

"Nilikisoma."

"Basi, tunagombea nini?"

"Kibao chako, Shambe, hakiko juu ya sheria ya soko," alisema Kiboko. "Muuzaji akijua kasoro lazima aiseme. Akiificha, mali inarudi. Lakini wewe, Mkejina, uonyeshe kwamba kasoro ilikuwepo kabla hujanunua. Fundi, uliona nini?"

Tumbili akajifuta grisi mikononi. "Nilifungua giaboksi, mheshimiwa, lile sanduku la chuma ambamo gia huzunguka. Nilinusa kabla sijaona, na kwa jambo hili pua yangu haidanganyiki. Humo ndani mlikuwa na ndizi mbivu, zimepondwa na kuchanganywa na unga wa mbao."

Kiboko alifumbua kinywa akasahau kukifumba. "Ndizi? Ndani ya gari?"

"Ndizi, mheshimiwa. Meno ya gia yakilika hupiga kelele. Ukiyashindilia ndizi yananyamaza siku mbili tatu, mpaka mnunuzi afike kwake."

Baraza zima lilipigwa na butwaa. Fisi peke yake ndiye aliyecheka. "He-he-hee. Kati yangu na Tumbili, mla ndizi ni nani? Labda fundi alikuwa anapata chakula cha mchana humo. Mimi giaboksi hilo sijaligusa hata kwa kidole."

Ndizi zilionekana, lakini nani angejua ziliingia lini? Jambo hilo Mkejina alilihofia tangu asubuhi, na ndiyo maana alipitia buchani kabla ya kuja. Akatia mkono kapuni, akatoa furushi la majani. Juu yake kilichungulia kichwa cha mfupa wa paja, uboho unang'aa.

"Kaka Shambe, tuyaache ya ndizi, na unisamehe," alisema kwa upole. "Ila nimelelewa nisile cha mtu. Kitu hiki nacho kilikuwa humo humo kwenye giaboksi. Cha nani?"

Fundi Tumbili alitaka kusema jambo. Mkejina akamkanyaga mkia.

Pua ya Fisi ikafanya nf, nf, nf. Mate yakadondoka sakafuni, tii, tii.

"Changu," alisema Fisi.

"Una hakika, kaka? Isije ikawa cha yule mwenye gari wa kwanza."

"Wa kwanza gani? Nilikiweka mwenyewe kwa mikono yangu."

"Lini?"

"Siku moja kabla hujaja kulichukua gari. Lete."

"Ukalifungua giaboksi mwenyewe?"

"Nikafungua mwenyewe, nikafunga mwenyewe, nati zote nane. Baada yangu hakuna aliyeligusa. Lete, dada, inzi wanakiwahi."

Mkejina akampa. Fisi hakufungua majani. Alilitia furushi lote kinywani. Ngwamu. Kisha macho yakamtoka, akatema, puu. Mfupa ulikuwa kipande kifupi kama kidole. Kilichobaki kilikuwa uji mweusi wa ndizi na unga wa mbao, ule ule Mkejina aliouchota garini.

"Nati zote nane, Shambe?" aliuliza Kiboko.

Fisi akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Mkejina alipokuja kununua, alikuambia gari ni la kazi gani?"

"Aliniambia ni la kumpeleka mama yake hospitali."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia Mungu atamponya."

"Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na tisa," alisema Kiboko. "Nimehukumu wezi wa kuku na wavunja nyumba. Wao angalau walikimbia. Wewe ulimfungulia mlango wa gari ukamwombea dua. Karanga zake zirudi zote. Na sasa hivi mpe ufunguo wa gari unaloliendesha mwenyewe."

"Langu mimi, mheshimiwa?"

"Hilo hilo. Hilo unajua halina ndizi."

Fisi akautoa ufunguo polepole, kama mtu anayeng'olewa jino. Mkejina akaweka mito mitatu juu ya kiti ili aone barabara, akawasha. Vrrrum. Gari likaondoka bila kukwaruza, na Hakimu akawaambia waliobaki, "Afichaye kasoro ya mali hauzi mali, anauza msiba."

Mkejina alifika kwa jirani akiwa bado amekanyaga mafuta. Bi Kanga alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kichwani.

"Zima gari, mwanangu," alisema.

Bi Mwanatumu alikuwa amefariki saa saba mchana.