Neno la Watu wa Nyuma

Kabla ya siku ninayowasimulia, wajukuu zangu, Waebrania walikuwa na neno la mgonjwa, la mzee na la mwenye njaa, lakini hawakuwa na neno la mtu anayeachwa nyuma. Walipotoka Misri wakashika njia ya jangwani, wenye nguvu walitangulia. Aliyechoka alijijua mwenyewe.

Atara alikuwa na nguvu. Mama yake, Naama, alivimba miguu siku ya tatu bila kuona kisima.

"Tangulia, mwanangu," mama alimwambia. "Nitakuja polepole."

Atara akatangulia. Hakugeuka, maana alijua akigeuka atarudi.

Jioni ile Waamaleki, wavamizi wa jangwani, waliushambulia mkia wa msafara, wakaua wote waliokuwa wamesalia huko.

Asubuhi Atara alisikia nyayo. Alipotazama aliona safu ya watu mchangani: vikongwe, wajawazito, viwete, na katikati yao mama yake. Jua lilikuwa likiwapiga ubavuni, lakini chini yao hapakuwa na kivuli hata kimoja. Walitembea bila kupumzika, wala hawakukaribia.

"Usiwatazame," alisema Shuhamu, mtu wa kabila la Dani. "Wale tuliwapoteza jana."

Atara alichukua kiriba cha maji, akawaendea. Kila alipopiga hatua, nao walirudi nyuma hatua. Akaanza kukimbia huku akilia. Ndipo sauti ya mama yake ikamjia sikioni, karibu kabisa, ingawa yule mama alikuwa kule mbali.

"Mimi hunipati tena, Atara. Hao uliowapita, je?"

Akageuka. Kati yake na msafara walikuwapo watu hai walioachwa nyuma asubuhi ile, wameketi mchangani, wamekata tamaa. Aliwanywesha mmoja mmoja, akawainua, akatembea nyuma yao. Shuhamu akaja na ndugu zake, wakatembea nyuma ya Atara.

"Ni akina nani hao?" waliuliza kambini.

"Nehshalimu," akasema Atara, na hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo. "Hawakuzaliwa wanyonge. Wamechakaa kwa kuachwa."

Ile safu ya mchangani haikuonekana tena.

Na tangu siku hiyo watu wa Dani, mashujaa, ndio waliotembea mwisho wa msafara, nyuma ya wote. Neno lile nalo halitamkwi ovyo. Katika kitabu kitakatifu cha Waebrania limo mahali pamoja tu, na husemwa kwamba mkono ulioliandika ulikataa kuliandika mara ya pili.