Tasbihi ya Mwinjuma

Ijumaa, tarehe tisa Mei, saa nne asubuhi, mume wangu Mwinjuma alirejea kwa Mola wake. Aliacha mama mzazi, utenzi mmoja alioutunga akiwa kitandani, na tasbihi yake.

Mama mkwe akasema, "Siku ya arobaini nitausoma mimi. Sisomewi maneno ya mwanangu."

Macho yake ni hafifu na mikono inamtetemeka, hawezi kufunua kurasa. Utenzi wote ulipaswa kukaa upande mmoja wa karatasi. Nikaweka nadhiri: atakayemwezesha Mama kuusoma, tasbihi ni yake.

Pale Muheza kuna duka la uchapaji lenye mafundi watatu. Mhina ana jicho la mistari. Zubeda ana jicho la herufi. Salehe ana jicho la karatasi nzima.

Walichapa mara ya kwanza, nikampelekea Mama. "Nasra, haya ni maandishi au utitiri?" akaniuliza.

Mhina akaitenganisha mistari, kila mmoja ukapumua. Mama hakuruka tena mstari wala kurudia aliousoma. Lakini alikwama kwenye kila neno, na beti za mwisho zilikosa nafasi.

Zubeda akaziachanisha herufi kidogo kidogo, zisigusane, ila neno lisivunjike. Sasa Mama aliyatamka maneno bila kukwama. Lakini mistari ilirefuka, ikakatika pembeni, na beti nyingi zaidi zikabaki nje.

Salehe akasema, "Hizo nafasi msiziguse. Tupunguze ukubwa wa herufi zenyewe."

Mhina akacheka. "Bibi haoni, kaka, nawe unapunguza? Utampa na hadubini?"

"Kilichomsumbua ni msongamano. Nipe nafasi nijaribu."

Akapunguza kidogo tu. Utenzi wote ukaingia.

Siku ya arobaini Mama alisoma mbele ya watu, polepole, mpaka ubeti wa mwisho, ule ambao Mwinjuma alimwombea mama yake. Akaikunja karatasi, akasema, "Nimemsikia mwanangu."

Nilipoitoa tasbihi, mafundi wakaanza.

"Bila mistari yangu," akasema Mhina, "bibi angezunguka ubeti mmoja mpaka magharibi."

"Angezunguka na nini," akajibu Zubeda, "wakati neno lenyewe halisomeki?"

"Nanyi mngemwachia utenzi usio na mwisho," akasema Salehe. "Dua yake ingebaki dukani."

Nadhiri yangu ilikuwa ya mtu mmoja, na tasbihi ikikatwa si tasbihi tena. Sitalala na deni la nadhiri; leo lazima nimpe mmoja wao. Ninyi mlionisikiliza, wakubwa kwa wadogo, semeni: nimpe nani?

Na kabla hamjabishana, nyanyueni mikono. Ewe Mola, msamehe Mwinjuma, litie nuru kaburi lake na umpanulie mahali pake. Amin.