Semkiwa Aliponunia Firigisi

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mmemsikia shangazi yenu akiisema asubuhi alipowaona wageni, nanyi mkaanza kumeza mate, maana mnajua kuna jogoo atachinjwa. Miaka yote mmekula hao majogoo bila kuuliza. Leo ndiyo mmoja wenu kauliza la maana: huyo mwenyeji alikuwa anaumwa nini hata apone? Haya, sogeeni. Na wewe acha kuichezea hiyo redio. Chanzo cha methali hii ni mtu ambaye hakuwa anaumwa chochote. Alikuwa amenuna tu.

Aliitwa Semkiwa, Mzigua, mkulima wa mahindi, na nyumba yake ilikuwa ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi. Alikuwa mtu mwema, asiye na ugomvi na jirani. Ila kununa! Kwa kununa alijaliwa. Wenzake wakikasirika hupiga kelele, yakaisha. Yeye alikuwa akijilaza kwenye kitanda cha kamba pale ukumbini, anajifunika shuka mpaka kifuani, anakodolea paa, na hapo hata ungemwambia nyumba inaungua asingekujibu. Mkewe Mwantumu na binti yao Zaina walikwisha kumzoea. Walimpita pale kitandani kama wanavyokipita kinu.

Safari hii alinunia firigisi. Mwantumu alichinja kuku, na mnajua firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Semkiwa akanawa, akafunua bakuli, akatafuta juu ya mchuzi, akatafuta chini ya mchuzi. Firigisi hamna. Kumbe Mwantumu alimpa Zaina, aliyekuwa ametoka kuugua homa.

"Mtoto kaomba, nami nimempa," Mwantumu alisema.

Semkiwa akanawa mikono tena bila kuonja kitu, akaenda kitandani, na maneno yakaishia hapo.

Ulikuwa wakati wa masika. Kulipopambazuka siku ya tatu ya kununa, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kibaridi kilikuwa kikali. Semkiwa alilala chali akimwangalia mjusi kafiri akitembea kwenye boriti. Ndiye peke yake aliyekuwa hajanuniwa katika nyumba ile. Mara nyuma ya mjusi kikatokeza kichwa kwenye nyasi za paa. Baada ya kichwa ikaja shingo, na baada ya shingo ukaja mwili usiokwisha. Swila! Mjusi akaruka pembeni. Swila akamkosa, akateleza, akaanguka pu! juu ya tumbo la Semkiwa.

Kabla Semkiwa hajavuta pumzi, nyoka akajipenyeza chini ya shuka penye joto, akajikunja juu ya tumbo lake lililo wazi, akatulia kama aliyefika kwake.

Semkiwa akakauka. Alijua kuwa akijitikisa tu, ameumwa, na akiumwa na swila hamalizi mchana. Ewe Mola, akasema moyoni, ndiyo nife kwa ajili ya firigisi?

Mwantumu akapita na ungo wake. Semkiwa hakuthubutu kufungua mdomo, maana tumbo lingetikisika. Akayatoa macho yote mawili, akayazungusha, akayashusha kuelekea tumboni, akayazungusha tena.

"Unanitolea macho?" Mwantumu akasimama, mkono kiunoni. "Yatoe, yatoe mpaka yadondoke. Mimi si wa kutishwa na macho!" Akasonya, akaenda zake.

Baadaye akaja Zaina na bakuli la uji, akaliweka kwenye kigoda. Alipoinua uso alimwona baba yake akitokwa na chozi lililoteremka hadi sikioni.

"Mama! Baba analia!"

"Mwache alie," sauti ikajibu kutoka jikoni. "Machozi ya firigisi hayo!"

Uji ukapoa. Semkiwa akaona kweli atakufa mchana kweupe, nyumbani kwake, mbele ya mke na mtoto wanaompenda, nao watajua kesho atakapoanza kunuka. Hilo lilimuuma kuliko nyoka mwenyewe. Alitamani amwambie Mwantumu walau neno moja zuri. Tangu juzi alikuwa na nafasi ya kulisema, hakutaka. Sasa alitaka, hakuweza.

"Hodi hapa!"

Aliyebisha alikuwa Mihambo, Mnyamwezi aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ng'ambo ya mto. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na Mihambo alikuwa mtani hasa: anakuja, anakutukana, anakula chakula chako, anaondoka na kofia yako, nawe unabaki unacheka. Alikuwa hajafika pale siku nyingi, na habari za firigisi hakuwa nazo.

"Karibu, mtani," Mwantumu akasema. "Mwenzio yumo humo, kanuna tangu juzi. Usijisumbue naye, kaa huku nikupe uji."

"Nikae sijampa mkono mwenye nyumba? Nani kakwambia Wanyamwezi hatuna adabu?"

Akaingia, akainama kitandani, akanyoosha mkono. Mkono haukupokelewa. Hapo Mihambo akamtazama mwenyeji wake usoni, jambo ambalo watu wa nyumba ile walikwisha kuacha kulifanya. Akaona jasho linamtiririka katika baridi ile. Akayafuata macho yake mpaka tumboni, akaona ncha ya mkia imejitokeza chini ya shuka.

Akitamka nyoka, Mwantumu atapiga yowe, Zaina atapiga mbio, na mdudu atauma. Mihambo akajishika kichwa.

"Wee shemeji! Huyu mbona amekufa? Mnakaa na maiti tangu juzi mnasema kanuna?"

Mwantumu akaangua kicheko. "Mzike basi, mtani!"

"Namzika! Njooni mshike miguuni, mimi nashika kichwani, tumtoe uani. Ila polepole, jamani. Maiti ya mnunaji haitikiswi. Ikitikiswa inafufuka, inanuna upya!"

Wakakiinua kitanda, wanawake wakijizuia kucheka. Semkiwa hakujua kama mtani ameona au hakuona. Mihambo, leo si siku ya utani, alilia moyoni. Mlangoni kitanda kikayumba, nyoka akajisogeza, na Semkiwa akatoa shahada kimoyomoyo.

Uani jua lilikuwa limechomoza, jua lile kali la baada ya mvua. Mihambo akakitua kitanda katikati yake. "Wafiwa, kaeni kule mbali mlie," akasema, huku akiuchukua mchi taratibu.

Wakangoja. Joto likazidi. Shuka likaanza kutembea lenyewe. Kichwa kikachomoza karibu na goti, ulimi ukaonja hewa, na swila akateremka chini, kipande baada ya kipande. Mwantumu alipiga yowe lililosikika mpaka mtoni. Zaina akaparamia kinu. Mihambo akashusha mchi mara moja, na habari za swila zikaisha.

Semkiwa akaketi. Wote wakasogea wasikie maneno yake ya kwanza.

"Mke wangu," akaanza, kisha akalia kwa sauti kama mtoto.

Mwantumu akamrukia shingoni. "Ungekufa! Ungekufa, mume wangu, na mimi napita hapa nakusonya!"

"Nilikutolea macho, Mwantumu."

"Macho unanitolea kila mwezi! Ningejuaje kwamba ya leo ni ya nyoka?"

Semkiwa akajifuta machozi. Akamgeukia Mihambo. "Na wewe umejuaje, mtani?"

"Mimi sijui ukinuna unafananaje. Nimekuta mtu kalala, nikamtazama. Sasa shemeji, kuzika kunachosha. Chakula kiko wapi?"

Basi jogoo akachinjwa, na huyo jogoo ndiye tu mliyebaki naye nyinyi katika methali hii.

Kununa Semkiwa hakuacha, tabia haina dawa. Ila tangu siku ile, akinuna, Mwantumu alikuwa akifunua shuka kwa mwiko, anachungulia, ndipo anamwacha anune kwa raha zake. Na Semkiwa naye, akihisi hasira inampanda, alikuwa akitoka kwanza mpaka njiani, anamshika mpita njia wa kwanza, anamjua hamjui, anamvuta mkono.

"Mgeni, njoo!" anamsihi. "Njoo kwangu ukae!"

"Nije kufanya nini, mzee? Mimi napita tu."

"Njoo unitazame," Semkiwa humjibu. "Wa nyumbani wamekwisha kunizoea. Mgeni njoo, mwenyeji apone."