Mawe ya Kaburi la Shaame

Sogeeni, niwape kisa kilichoanza Jumanne, saa nne asubuhi, maji ya bamvua, yale yanayotoka mbali na kurudi kwa kishindo, yakiwa yamekupwa. Mize, mjane wa kisiwani, alishuka mwambani na mtaimbo kuvunja matumbawe. Alitaka kuyachoma apate chokaa, apake kaburi la mwanawe Shaame kabla ya arobaini.

Alipopiga mara ya kwanza, tumbawe lilisema, "Mama Shaame, niache. Mimi ni hai."

"Na mwanangu je, nani alimwacha?" Mize akapiga tena.

"Mimi ndiye ninayezuia wimbi."

"Watazuia wenzako. Kila mtu hapa kaburi lake jeupe, langu tu la udongo."

Akapiga mara ya tatu. Tumbawe likanong'ona, "Kaburi lake liko nyuma yangu," kisha likavunjika.

Mize akayarundika mawe ufukweni yakauke. Saa kumi jioni maji yalirudi, yakapita penye pengo la tumbawe lile, yakapanda hadi makaburini, yakamchukua Shaame.

Kesho yake asubuhi Mize aliyarudisha mawe kwenye pengo, moja moja, na kila aliloweka aliliuliza, "U hai?" Aliendelea kuuliza mpaka maji yakamfika kifuani.