Springi Mpya ya Mhina

"Silaha ni ile uwezayo kuikoki mara ya pili." Ndivyo jirani yetu Bi Senyagwa alivyomwambia yule kijana aliyenunua pikipiki kubwa kuliko kifua chake, ikamlalia topeni, asiweze kuinyanyua mpaka wapita njia walipomhurumia. Mmecheka, kisha mkauliza pikipiki na silaha vimekutana wapi. Basi tulieni msikilize. Maneno hayo yalizaliwa huku huku kwetu kwenye mashamba ya machungwa, na hayakuzaliwa kwa kicheko.

Palikuwa na mtu akiitwa Mhina, na mkewe Mwajabu. Shamba lao lilipakana na msitu, na adui yao alikuwa tumbili. Tumbili hali chungwa akashiba. Huling'ata, akalitupa, akachuma jingine. Kwa ajili yao Mhina alikuwa na bunduki ya upepo aliyoachiwa na baba yake.

Bunduki ya namna hiyo haina baruti. Unaukunja mtutu wake penye bawaba, unaushusha mpaka springi iliyo ndani ibanwe na kunaswa. Huko ndiko kuikoki. Ukifyatua, springi inajiachia, inasukuma upepo, na upepo unakirusha kirisasi kidogo kama punje ya mtama. Nguvu yote itokayo mdomoni mwake ni ile uliyoitia wewe kwa mkono wako.

Ile ya Mhina ilikuwa laini. Mwajabu aliikoki huku binti yao Tunu akiwa mgongoni, wala mtoto hakuamka. Mumewe akienda mjini, yeye ndiye aliyelinda shamba, na tumbili walishamjua. Walipoona kanga yake tu kati ya michungwa, walirudi msituni.

Lakini Mhina hakuridhika. "Hii inawatekenya tu," alikuwa akisema. Siku moja akaifunga kwenye gunia, akaipeleka kwa fundi mjini, ikatiwa springi nene, ngumu, mpya. Aliporudi aliwaita wanaume wa jirani, akaweka debe tupu juu ya kisiki. Zamani kirisasi kilikuwa kikilibonyeza debe kikaanguka. Safari hii kiliingia huku kikatokea kule. Watu wakapiga makofi.

Mwajabu akaomba naye ajaribu. Aliushika mtutu, akavuta. Ukashuka hadi katikati ukagoma. Akavuta tena, ukagoma tena, na wale wanaume wakacheka. Akairudisha bunduki. Walipobaki wawili ndipo aliposema.

"Baba Tunu, umeitia nguvu bunduki, lakini umeitoa mkononi mwangu."

"Mimi si nipo?"

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo," Mhina akajibu, na akabadilisha mazungumzo.

Masika yalipokolea, homa ikamwangusha. Mhina mwenye mabega kama mlango akawa mtu wa kushikwa mkono kwenda uani. Uji aliokunywa haukukaa tumboni. Alilala kwenye mkeka chumba cha mbele, bunduki ikiwa imeegemezwa ukutani karibu naye na virisasi vyake mkekani, maana tumbili walikuwa wamesikia kimya cha shamba na sasa walikuja mchana kweupe.

Adhuhuri moja Mwajabu alitoka kisimani, akatua ndoo, akaenda kumtazama Tunu chumba cha ndani. Alipofika mlangoni akasimama ghafla. Mtoto alikuwa ameamka. Alikuwa ametambaa mpaka ukingoni mwa kitanda, anauvuta wavu wa mbu na kucheka peke yake. Na chini sakafuni, kati ya mlango na kitanda, kando ya sanduku la nguo, alikuwapo swila, yule nyoka mweusi atemaye sumu machoni mwa mtu. Kichwa chake kilikuwa kimeinuka kinatazama wavu unavyocheza.

Mwajabu alitaka kupiga kelele, akaimeza. Kelele ingemshtua nyoka, au ingemfanya Tunu amfuate mama yake na kuangukia pale pale. Fimbo? Kwa fimbo ingebidi amsogelee swila, naye akishapofushwa, nani atamtoa mtoto? Akarudi nyuma taratibu.

"Baba Tunu. Swila, chumbani. Mtoto anashuka kitandani."

Mhina aliinuka kwa kushika ukuta. Aliichukua bunduki, akakikita kitako kwenye paja, akaushika mtutu kwa mikono yote miwili. Jasho lilimtoka kabla hata springi haijaanza kubanwa. Akavuta, mishipa ya shingo ikasimama, na hatimaye springi ikanasa. Akatia kirisasi, akaegemea mwimo wa mlango, akalenga. Lakini mikono ile ilikuwa imemaliza nguvu zake zote katika kukoki. Ncha ya mtutu ilicheza kama jani. Alipofyatua, springi ngumu iliirusha bunduki begani, na kirisasi kikapasua sanduku.

Swila akatanua shingo, akatema. Mwajabu alijifunika uso kwa kanga, akahisi matone yakilowesha kitambaa. Tunu akaanza kulia, mguu mmoja ukining'inia nje ya kitanda.

"Koki tena!" Mwajabu alinong'ona. "Koki, mume wangu!"

"Nakoki."

Mtutu ulishuka kidogo. Ukafika katikati. Hapo mikono ya Mhina ikaisha, kama kamba inavyokatika. Mtutu uliruka, ukajifunga kwa kishindo, na kidole chake kikabanwa penye bawaba. Hakulia. Alimtazama mkewe tu, na Mwajabu hakuwahi kuona macho yale kwa mumewe: macho ya mtu anayeona mtoto wake anakufa, na silaha ya kumwokoa anayo mkononi.

Mwajabu akamnyang'anya bunduki. Akakaa chini kizingitini, akakibana kitako kati ya nyayo zake na mwimo wa mlango, akaushika mtutu kwa chini.

"Lala juu yake," akasema.

"Sina nguvu, Mama Tunu."

"Nguvu huna, uzito unao. Lala!"

Mhina akauangukia mtutu kwa kifua. Mwajabu akavuta. Springi ililalamika, ikashuka, ikashuka tena, ikanasa. Akamsukuma mumewe pembeni, akachukua kirisasi kwenye mkeka, akakitia. Swila alikuwa amegeukia kilio cha mtoto. Mwajabu hakuikumbatia ile bunduki kwa hofu. Aliishika kilegevu kama alivyozoea shambani, akaiacha pumzi itoke, akafyatua.

Kirisasi kilimpata swila chini kidogo ya kichwa. Alijipiga sakafuni na kujiviringa ukutani. Mwajabu alikwisha kuruka. Tunu alikuwa mikononi mwake kabla mguu haujagusa chini. Alimkabidhi kwa baba yake, akachukua mchi wa kinu, akarudi kummaliza nyoka. Ndipo akakaa uani akalia mpaka kanga ikalowa upya.

Homa ilipita. Kidole hakikunyooka tena. Alipopata nguvu ya kutembea, Mhina aliifunga bunduki kwenye gunia, akairudisha kwa fundi.

"Nitolee springi hii. Nirudishie ile ya zamani."

Fundi akashangaa. "Bwana Mhina, watu wanakuja hapa wananisihi niwatie ngumu, wewe unataka laini? Hakuna bunduki ya upepo yenye nguvu kama hii wilaya nzima."

"Najua ina nguvu."

"Sasa unaogopa nini?"

Mhina akaweka mkono wake mezani, kile kidole kilichopinda kikitazama upande. Fundi akaacha kazi yake.

"Mara ya kwanza kila mtu anaweza, fundi," akasema. "Hata mgonjwa anaweza. Lakini nyoka hangoji upumzike. Silaha ni ile uwezayo kuikoki mara ya pili."